Kibao cha Simplício

Dunga, Kisumu
Jumapili jioni

Mpendwa Mama Zawadi,

Salamu nyingi kutoka ziwani. Sisi huku hatujambo, watoto wamefunga shule na nyumba imejaa kelele. Kitabu ulichonitumia, kile cha safari ya Theodore Roosevelt kwenye mto usiojulikana wa Brazili, nilikipokea kwa dereva wa matatu wiki tatu zilizopita, kimefungwa ndani ya mfuko wa unga kama ulivyoniambia, na hakuna hata ukurasa mmoja uliokunjika. Asante sana, rafiki yangu. Usiku nilipokimaliza nilishika simu nikupigie, nikaona ni saa nane, nikaiweka. Basi nakuandikia, maana haya niliyo nayo moyoni hayataenea kwenye simu.

Nitakuambia ukweli: nilipoona jalada nilisita. Nikadhani ni yale yale, mzungu mkubwa na msitu mkubwa. Kilichonishika si msitu wa Brazili, ni Kisumu. Sikujua kabisa kwamba Theodore Roosevelt alipita hapa. Alikuja mwaka 1909, mara tu alipotoka kwenye urais wa Marekani, akiwa na kijana wake Kermit. Walishuka Mombasa mwezi wa Aprili, wakazunguka nchi hii miezi mingi wakiwinda. Walifika Naivasha, wakakaa kwa Lord Delamere, mlowezi Mwingereza, kule Njoro, yaani hapo hapo mlangoni kwako, wakapanda hadi Uasin Gishu na kuwaona Wanandi wakimkabili simba kwa mikuki. Desemba wakateremka kwa gari moshi hadi Kisumu, wakapanda meli kuvuka kwenda Entebbe. Reli yenyewe ilikuwa na miaka minane tu tangu ifike hapa. Nilifunga kitabu nikatoka nje nikaangalia maji. Kilima cha ng'ambo ya ghuba ni kile kile walichokiona wao.

Uwindaji wao sikuupenda na sitaupenda. Baba na mwana waliua wanyama zaidi ya 500 ili wapelekwe jumba la makumbusho kule kwao, na wapagazi zaidi ya 200 waliobeba mizigo yao yote, wengi wao hatuwajui hata majina. Nilisoma hilo nikalikasirikia, na hasira hiyo nikaingia nayo Brazili. Labda ndiyo sababu kitabu kilinigonga mahali ambapo hukutarajia. Uliniandikia ndani ya jalada kwamba nitampenda Kermit. Kermit nimempenda, lakini hayuko wa kwanza. Nitafika huko.

Kwanza nikueleze nilivyokisoma, maana sikukisoma peke yangu. Unakumbuka Baba alijikata kwa tezo mwezi wa tatu, pale kwenye muundi wa mguu wa kulia, akichonga mkuku wa mashua ya jirani. Kidonda kikakataa kupona, na sukari yake nayo unaijua. Mtu aliyezoea kushinda akisimama tangu asubuhi sasa amelazwa kwenye kochi, mguu juu ya mto, anahesabu mabati. Akawa haongei. Jioni moja akaniuliza ninasoma nini, nikamwambia ni habari za watu walioshuka mto usiojulikana kwa mitumbwi ya gogo. Akageuza kichwa. "Ya gogo? Mingapi?" Kuanzia hapo nikawa nasoma ukurasa kimoyomoyo, kisha namsimulia kwa lugha ya nyumbani, kila jioni baada ya chakula, hadi taa ya sola inapofifia.

Mitumbwi ilikuwa saba, na watu 22. Wamarekani walikuwa watatu tu: Roosevelt, Kermit, na George Cherrie, mtaalamu wa ndege. Waliobaki wote walikuwa Wabrazili: Kanali Cândido Rondon, Luteni Lyra, Daktari Cajazeira, na wapiga makasia 16. Tarehe 27 Februari 1914 wakaingia kwenye mto ambao Rondon aliuona chimbuko lake mwaka 1909, mwaka ule ule Roosevelt alipokuwa hapa kwetu, akauita Rio da Dúvida, yaani Mto wa Shaka, kwa kuwa hakuna aliyejua unakwenda kutokea wapi. Roosevelt alikuwa na miaka 55. Alikuwa ameshindwa uchaguzi wa 1912, na katika kampeni hizo hizo alipigwa risasi ya kifua, ikapunguzwa nguvu na karatasi za hotuba alizokuwa amekunja mfukoni. Nadhani alikwenda msituni kama vile mtu anayefiwa anavyokwenda shamba kulima. Alitaka kuchoka.

Baba akataka kujua hali ya mitumbwi kabla ya kitu kingine chochote. Nikamsomea: mitatu mizuri, mmoja mdogo, mmoja unayumba, na miwili mizee, imelowa na inavuja. Akaguna. "Na wamepakia mizigo ya miezi?" Nikamwambia ndiyo, na ilizama karibu na ukingo, hivyo wakafunga mafungu ya matawi ya mnazi wa porini ubavuni ili ielee juu zaidi. Hapo akapiga paja lake zima. Si unajua vijana wa hapa hufunga mitungi mitupu kwenye chombo kikizidiwa? "Hao wapiga makasia wanajua kazi," akasema. Siku nyingine nilipomsomea jinsi mto ulivyojaa usiku mitumbwi miwili mizee ikajaa maji na kukatika kamba, wakashinda siku tatu wakichonga mwingine kutoka kwenye mti mzima, na huo mpya nao maji yakaunyakua kabla hata haujamaliza wiki mtoni, alikaa kimya muda mrefu. Kwa watu wengine hilo ni tukio dogo la njiani. Kwake ni mikono ya watu.

Mambo ya kabla ya mtoni nilimpitishia haraka, ila mawili aliyarudia hadi leo. Moja ni masanduku ya chakula: mtu aliyepewa kazi ya kununua alikuwa na uzoefu wa nchi za barafu, na walipofungua wakakuta zeituni zilizojazwa, haradali, hata divai. La pili ni yule padre, Zahm, aliyetaka wenyeji wambebe kwenye kiti. Rondon akakataa katakata, na padre akarudishwa. "Rondon huyo ni mtu wa wapi?" Baba akauliza.

Hapo ndipo kitabu kilipobadilika mikononi mwangu. Rondon alizaliwa 1865 Mato Grosso, damu ya wenyeji wa msitu ikiwa ndani yake kwa upande wa mama, akabaki yatima akiwa mdogo. Maisha yake yote alivuta nyaya za simu ya maandishi katikati ya msitu, na watu wake wakaambiwa amri moja: kufa ikibidi, kuua kamwe. Aliisimamia kweli. Siku moja kwenye mto huo alikuwa akitembea kando na mbwa wake Lobo akitangulia. Mbwa akalia kwa maumivu, kisha akakutwa amekufa, mishale mwilini. Mwanajeshi mwingine angerudi na bunduki kumi. Rondon aliacha zawadi mahali pale pale na kuendelea na safari. Watu wa kabila la Cinta Larga walikuwa wakiwatazama kutoka kwenye miti siku nyingi, hawaonekani, na wangeweza kuwamaliza wote asubuhi moja. Hawakufanya hivyo. Nikifikiria kwamba mto ule walikuwa wakiujua tangu enzi na enzi, na sisi tunaambiwa haukujulikana, naona neno "kugundua" limetumika vibaya sana duniani.

Yeye na Roosevelt hawakuwa hata na lugha moja. Walielewana kwa Kifaransa cha kuungaunga. Na waligombana, kwa heshima lakini kweli. Rondon alitaka kila kona ya mto ipimwe sawasawa. Siku ya kwanza Kermit alishuka na fimbo ya kupimia karibu mara mia, siafu na nyigu wakimla, na mwisho wa siku walikuwa wamekwenda kilomita tisa na kidogo. Chakula kinapungua, wao wanapima. Mimi ningekuwa upande wa Roosevelt, niseme twende. Baba alikuwa upande wa Rondon. "Ukijenga mashua huruki kipimo kwa sababu una njaa."

Sasa Simplício. Mama Zawadi, tarehe 15 Machi isome tena, tafadhali, polepole.

Kermit alikuwa kwenye mtumbwi mdogo na wapiga makasia wawili, João na Simplício, pamoja na mbwa wake Trigueiro. Walivuka hadi kisiwa kidogo kuangalia kama upande wa pili maji yamepoa. Kurudi, maji yanayozunguka yakaushika mtumbwi, ukateremshwa kwenye maporomoko ya kwanza. Ukajaa maji, lakini ukabaki wima, wakakaribia ukingo. João akaruka na kamba mkononi. Maji yakamshinda, kamba ikamponyoka, mtumbwi ukaenda na maporomoko ya pili. Kermit alitokea chini huko amebakiza pumzi kidogo, akashika tawi. Bunduki yake ya Winchester, ile ile aliyowindia huku kwetu Afrika, ikazama. Mbwa akatoka. João akatoka. Simplício hakuonekana tena.

Hadi hapo ni ajali, na ajali za maji tunazijua. Lakini asubuhi iliyofuata, kabla ya kuondoka, Rondon alisimamisha nguzo na kibao mahali pale. Upande mmoja jina la maporomoko. Upande wa pili akaandika kwamba kwenye maporomoko haya aliangamia maskini Simplício. Katika msitu ambao hakuna mtu angepita akasoma. Njaa imewakaa, chakula kingine kimezama, wenyeji wamewazunguka, na watu wakasimama kuandika jina la mpiga makasia.

Niliposimulia hilo Baba aliniambia nirudie. Nikarudia. Akauliza, "Kibao kilisema hivyo hivyo?" Nikasema ndivyo. "Na mshahara wake?" Nikatafuta. Hakuwa na mke, na ilikubaliwa kwamba pesa alizostahili zipelekwe kwa mama yake. Akatikisa kichwa, akageukia ukuta. Nikadhani amelala.

Wewe unajua habari za Baba Mdogo, lakini hujawahi kunisikia nikizisimulia, kwa sababu nyumbani kwetu hazisimuliwi. Nilikuwa darasa la tano. Walitoka usiku wa giza kuvua omena, taa nne kwenye maji, upepo ukageuka. Wenzake wawili walipatikana baada ya siku tatu. Yeye hakupatikana. Desturi yetu unaijua: mwili usipoonekana, linazikwa tunda la yago kaburini ili mtu awe na mahali. Nakumbuka tunda lile, refu, zito, la rangi ya vumbi, limefungwa kwa shuka kama mtoto. Nakumbuka nikiwaza kwamba ni dogo mno. Kaburi liko nyuma ya nyumba ya Nyanya. Lakini ziwani kwenyewe, pale alipozama, hapana kitu. Maji hayawekwi alama. Baba ndiye aliyeijenga ile mashua, na miaka yote hii hajawahi kusema neno juu ya hilo, wala sisi hatukuuliza.

Jioni ile, nikiwa nazima taa, akasema kutoka gizani: "Ile mashua haikuwa na kosa." Nikamwambia, "Najua, Baba." Akasema, "Mataruma yalikuwa ya mvule mtupu." Nikakaa naye mpaka akalala kweli.

Zilizobaki nakumbuka kama nilizisoma nikiwa na homa mimi mwenyewe. Mnamo mwisho wa Machi Roosevelt aliingia majini kusaidia mitumbwi iliyobanwa kwenye mawe, akagonga mguu, ukawa jipu. Malaria ikaja juu yake. Nani wa huku asiyeielewa ile baridi ya mifupa mchana wa jua kali? Daktari Cajazeira akampiga sindano za kwinini, na baadaye akampasua mguu pale pale ukingoni bila dawa ya ganzi, nzi wakiifuata damu. Roosevelt alikuwa amebeba kichupa cha mofini tangu mwanzo, ajimalize mwenyewe ikifika siku kama hiyo. Akawaita Kermit na Cherrie akawaambia wamwache, waende zao, maana amekuwa mzigo. Kermit akakataa. Na hapo Roosevelt akaona jambo moja wazi: kijana huyu, hata nikifa, ataubeba mwili wangu hadi nyumbani. Basi afadhali niendelee kuishi, ili apate kupona yeye.

Nilikuwa nimeogopa kumsomea Baba sehemu hiyo. Kwa wiki mbili alikuwa amekataa hospitali. Alisema pesa za shule zisiende kwenye mguu wa mzee. Nikamsimulia tu, bila kuongeza chumvi, nikamaliza. Akafikiri. Kisha akasema, "Ni kweli. Maiti ni mzito kuliko mgonjwa." Basi. Sitakudanganya kwamba aliamka asubuhi akaomba viatu. Zilipita siku tatu, homa ikampanda, na yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia kaka aite tuktuk. Walimsafisha kidonda, wakambadilishia dawa ya sukari, na sasa anakwenda kufungwa bandeji kila baada ya siku moja. Muuguzi anasema nyama mpya imeanza kuota. Nimeiona. Ni ya rangi ya waridi, pembeni kabisa, upana wa ukucha.

Kuna mmoja nitamtaja kwa kifupi, Julio, aliyemuua mwenzake Paishon baada ya kufumaniwa akiiba chakula, akakimbilia msituni. Siku kadhaa baadaye alitokea ukingoni akiomba wamchukue, na mitumbwi ikapita. Rondon alituma watu kumtafuta baadaye, hawakumpata. Ni mwuaji, najua. Lakini nimeota sauti yake mara mbili.

Walikutana na nyumba za wagema mpira katikati ya Aprili, na tarehe 26 wakaonana na Luteni Pyrineus aliyekuwa akiwangoja penye makutano na mto mwingine. Roosevelt alikuwa amepungua karibu kilo 25. Mto ukaitwa kwa jina lake, na kuna wataalamu waliomwita mwongo hadi alipokwenda Washington na London kuwaeleza mbele ya umati. Alikufa Januari 1919. Rondon aliishi hadi 1958, zaidi ya miaka 90, na jimbo zima la Brazili, Rondônia, limepewa jina lake. Nilifurahi kusoma hilo kana kwamba ni mjomba wangu.

Sasa Baba anakaa kwenye kigoda chini ya mwembe, mguu umenyooshwa, na vijana wawili wanafanya kazi kwa macho yake. Mashua ya jirani imeisha. Mwenyewe alikubali kupunguziwa bei kwa sharti moja tu la Baba, nami nililijua juzi, fundi wa rangi alipofika. Hapa watu huandika mstari wa Biblia ubavuni, au timu ya mpira ya Uingereza. Baba alimpa karatasi iliyokunjwa. Kijana akaisoma, akanitazama, akachovya brashi. Kwenye omo, upande wa kulia, kwa rangi nyeupe juu ya buluu, akaandika jina la Baba Mdogo lote, majina matatu, na mwaka. Herufi ya mwisho ilichuruzika kidogo. Kijana alitaka kuifuta, Baba akamwambia aiache.

Itashushwa majini Jumatano alfajiri. Kitabu nitakurudishia, lakini si sasa. Ameniomba nianze tena pale mitumbwi inapopakiwa, na safari hii anataka kaka naye awepo asikie. Ukikifungua siku moja, kwenye ukurasa wa tarehe 15 Machi utaona alama ya kidole, mafuta na vumbi la mbao. Ni yake. Alitaka kugusa mahali jina lilipoandikwa.

Wasalimie watoto na Baba Zawadi. Likizo ijayo njooni, tutawapeleka mpaka kwenye kiboko kwa mashua hiyo.

Ni mimi rafiki yako,
Nyar Dunga